Milizamu Uliyoiteremsha

Mwanangu Salha,

Salamu ninazo na dua ninazo, lakini hizo nitakupa kwa mdomo kesho mlangoni, mbele za watu, kama inavyotakiwa. Humu naweka yale ambayo kwa mdomo yananishinda. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu utayasoma umesimama, utanijibu "hewala mama", halafu basi. Karatasi angalau itabidi uikunjue.

Alasiri imepita. Wewe umekwenda Michenzani kumuaga rafiki yako, na mimi nimekaa kitandani pako, maana ndipo mahali pekee katika orofa hii pasipovuja. Mvua imetulia kidogo. Beseni la bluu liko mlangoni, sufuria ya pilau iko juu ya kabati la nguo, na ile ndoo ya rangi iko pale pale chini ya boriti ya katikati, tangu ulipokuwa unatambaa. Naandika huku nasikia matone. Ukiona mwandiko umekwenda upande, ujue ni hasira, macho yangu bado mazima.

Sitakwambia ule, sitakwambia uswali, sitakwambia ufunge mlango usiku. Hayo nimekwambia tangu hujaota meno, na kama hayakuingia wakati ule, leo hayaingii. Sanduku lako umelipanga mwenyewe, na umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Nimechungulia, usinune. Mimi nataka tuzungumze habari ya maji, ile ambayo wiki hizi zote tumekuwa tukiizunguka kama paka na chungu cha moto.

Kinachoniudhi, Salha, ni kwamba maji yapo. Ingekuwa hatuna, ningesubiri kama watu wengine wanavyosubiri. Lakini masika yakiingia, paa hili linamwaga maji uani na kichochoroni mpaka watoto wanaruka kama vyura, chokaa ya ukuta inababuka, na sisi tulio chini ya paa hilo hilo tunashuka ngazi na madumu kwenda kuomba kwa mjomba wako. Maji ya mfereji wa mji yanatoka alfajiri, kwa mgao, pampu ya mjomba wako inavuta yote, na kwetu juu bomba linakohoa tu. Umebeba madumu kwenye ngazi zile tangu dumu likiwa kubwa kuliko wewe. Kuna siku ulikaa katikati ya ngazi ukalia, mvua inanyesha nje, na mimi nikakwambia ufanye haraka kabla mjomba hajazima pampu. Nikikumbuka hilo najisikia vibaya hadi leo.

Unajua nyumba hii aliiacha babu yako, baba yangu. Kaka yangu mafungu mawili, mimi moja, ndivyo sheria ilivyo na sina neno. Bibi yako alipofariki tulikaa wenyewe tukagawana kwa mdomo: yeye chini na ua wake, mimi juu. Kila kitu tulikitaja siku ile. Tulitaja makabati, tukataja mlango wa nakshi, tukataja hata kinu. Paa hatukulitaja. Nadhani kila mmoja wetu aliona haya kutaja kitu kilicho juu ya vichwa vya wote. Basi tangu siku ile, paa likivuja ni langu kwa kuwa mimi ndiye niliye juu, na likitaka kuguswa ni letu sote kwa kuwa ni nyumba ya urithi na lazima tushauriane. Nimeshauriana na mjomba wako mpaka bati zimeota kutu.

Na mimi nilifanyaje? Nilikinga. Nilikuwa najiona hodari. Nalijua kila tundu na tabia yake, lipi linaanza mara moja, lipi linangoja mpaka mvua ichoke ndipo lilie. Wageni wakija nilikuwa nahamisha beseni kwa mguu, huku naongea, wala hawajui kilichonisogeza. Ukarudi wewe kutoka chuo kikuu na sanduku lako mkononi, ukakuta mvua, ukakuta mama yako anacheza na masufuria. Ukacheka, ukaniuliza, "Mama, kwani lazima yaingie ndani kwanza ndo tuyakinge?"

Nilikasirika. Nikasema huyu mtoto amesomeshwa adabu ikamtoka. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu swali lako lilikuwa na akili na mimi sikuwahi kujiuliza.

Ulivyomtafuta fundi, ulivyopanda naye juu na suruali yako ya michezo ndani ya buibui, majirani wakitoa vichwa madirishani, hayo yote nilijifanya sikuyaona. Mkafunga milizamu ya bati ukingo mzima wa paa, fundi anaita gata, na bomba likashuka mpaka kwenye tangi dogo jeusi kwenye roshani ya nyuma. Mjomba wako alisema tangi litaangusha nyumba, kwamba mawe haya na boriti hizi si za kubebeshwa bahari. Hapo alikuwa na haki, na wewe ulikubali, ukalisogeza juu ya ukuta mnene badala ya katikati ya sakafu. Nilikuona ulivyomsikiliza. Nikajua una akili na una adabu, na sikukwambia.

Kisha ukapanga makopo yako: mrehani, pilipili, mchicha, na ule mwasumini ulioletewa kutoka Kizimbani umekauka nusu. Mwasumini ulipochipua, ulinivuta mkono kama mtoto ili unioneshe. Mimi nikasema, "Haya, sasa tutapata mbu." Ndiyo hivyo nilivyo. Furaha ikinijia natafuta pa kuiminya.

Sasa tuje kwenye mvua ya kwanza. Wewe unaijua hadithi hii, na siisimulii ili nijitoe lawamani. Ulikuwa umeweka kipande cha bomba kinachogeuka, ili maji ya mwanzo yaoshe paa na yaende zake kichochoroni, ndipo yafuatayo yaingie tangini. Ulinieleza zaidi ya mara moja. Ukanionesha kunguru wamejipanga juu ya bati kama mahakimu, ukasema, "Mama, unaona wanachofanya pale juu?" Nikaona. Na ilipoanza kunguruma, wewe hujarudi, nikatoka kwenye roshani nikaligeuza lile bomba kwa mkono wangu, maji yote yakaingia. Ukanikuta hapo hapo, tukabishana mpaka ngazini, na nikakwambia mvua ya kwanza ni rehema na wewe unataka kuitupa mtaroni.

Mama yangu alikuwa hakosi. Mvua ya mwanzo ya masika ikidondoka, anatoa bakuli nje, anakinga, anatupaka usoni na kifuani, na anayeumwa anapewa anywe. Nilikua na hilo, lilikuwa moyoni mwangu kama Bismillahi. Lakini hasira ikiwa imekushika hukumbuki vizuri. Mama yangu alikuwa akiweka bakuli lake peupe, katikati ya ua, chini ya mbingu. Hakuwahi kuliweka chini ya paa. Mimi nilikumbuka baraka nikasahau bakuli lilikuwa wapi, na nikaenda kukinga rehema iliyopitia kwa kunguru.

Na haikutosha. Nikajaza jagi la kioo, nikashuka nalo kwa mjomba wako. Nilitaka aone kwamba maji ya paa si ya ugomvi, nikamwambia, "Kaka, onja rehema ya mwaka huu." Alipiga Bismillahi akanywa gilasi nzima, kwa kuwa nilimpa mimi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba alikunywa kwa kuniamini. Tumbo likamshika, siku ya pili hakuinuka, wakampeleka hospitali wakamtundikia dripu. Mkaza mjomba wako alipanda juu kuniambia, amesimama na kitambaa mkononi, na hakunilaumu hata kidogo. Ningefurahi kama angenilaumu.

Alipopona akatuma sauti kwenye kundi la familia, dakika nzima, kwamba tangi la Salha limemtia ugonjwa, kwamba watoto wa siku hizi wakishasoma wanageuza nyumba za wazee kuwa maabara. Halafu akaitisha kikao, hapo chini ukumbini kwake, baada ya magharibi, na binamu zangu wawili kama mashahidi wa jambo ambalo hawakuliona. Akasema neno moja ambalo watu walitikisa vichwa kwa uzuri wake. Alisema, "Mvua ni ya Mungu, lakini paa ni la marehemu baba." Wakasema naam, naam.

Wewe ulinitazama. Sikusahau ulivyonitazama. Ulikuwa hutaki nikutetee kwa maneno marefu, ulitaka niseme tu nani aligeuza bomba. Mdomo wangu ukafunguka, na kilichotoka ni lile neno langu la siku zote. Nikasema, "Teremsha milizamu, mwanangu. Yaishe."

Ukauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Yapi, mama? Maji au maneno?"

Binamu mmoja akacheka, akadhani unafanya mzaha. Mimi nilijua hukufanya mzaha. Asubuhi yake ulipanda peke yako, ukaifungua milizamu kipande kimoja kimoja, ukaipanga ngazini kwa urefu kama vile inangoja kusafiri, na ukaniambia neno moja tu ulipopita na bisibisi mkononi: "Basi mimi hapa sina kwetu." Na ulipopewa kuchagua kati ya skuli ya hapa mjini na skuli ya Makunduchi, ukachagua Makunduchi. Watu wananipongeza kwamba binti yangu ana moyo wa kwenda kufundisha shamba. Nawaitikia. Mimi na wewe tunajua kilichokupeleka.

Nimesema yaishe maisha yangu yote, Salha. Nilisema baba yako alipofariki na watu wakagombania vitu vyake vidogo. Nilisema kazini waliponiruka kwenye cheo. Watu wakanipenda, wakasema Bi Zuhura hana makuu. Neno lile ni tamu kwa sababu anayelisema anaonekana mkubwa hapo hapo. Lakini sijawahi kuona jambo hata moja lililokwisha kwa kuambiwa liishe. Yanakwenda kukaa mahali, na mara nyingi yanakaa kwa yule aliye mdogo kuliko wote katika chumba.

Nikupe kisa cha huko unakokwenda, maana hiki sidhani nimekusimulia. Nilipoolewa na baba yako tulikaa Makunduchi msimu mmoja, katika nyumba hiyo hiyo utakayolala kesho, na bibi yako mzaa baba alikuwa hai. Mimi mtoto wa mji, nimezoea mfereji. Nusu ya maneno yake siyaelewi, kwa lahaja yao ile, na ninaona aibu kuuliza. Visima vya huko vina chumvi, na mwamba uko juu juu, huchimbi ukafika mbali. Basi yeye alikuwa na mitungi yake ya mvua. Mingine aliikinga chini ya bati, mmoja aliuweka chini ya mnazi, kuti limefungwa kwenye shina ili maji yanayoteremka na mti yaingie mtungini. Nikaona mambo ya kizamani. Siku moja nikafua nguo zangu kwa maji ya mitungi miwili, kwa sababu nilijua maji ya mvua yanatoa povu zuri. Nikaanika, nikafurahi nilivyofua.

Aliporudi akatazama mitungi, akatazama kamba. Hakusema neno. Jioni akachemsha chai kwa maji ya kisima, akatutilia wote vikombe. Chai ya chumvi, mwanangu, sukari haiifichi. Tukanywa hiyo mpaka ilipokuja mvua nyingine. Baba yako akanong'ona kwamba maji yale ya mitungi ndiyo yalikuwa ya chai na ya wali, na ya kufulia ni ya kisima. Mimi nilimchukia yule mama siku zile. Niliona ananiadhibu kwa kimya.

Nimechelewa kuona kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiinywa chai ile ile, kikombe sawa na changu. Na mimi ukumbini kwa kaka nilinyamaza nikadhani ni kimya kile kile cha wazee, cha hekima. Hakikuwa hicho. Chai yangu ya chumvi niliitengeneza mimi, na ukainywa wewe peke yako.

Sasa sikiliza lililotokea leo, maana hulijui. Adhuhuri ilipopiga ile mvua kubwa ulikuwa Darajani kununua chandarua. Beseni la bluu likajaa, nikalibeba mpaka dirisha la nyuma nikamwage. Nikachungulia chini. Maji ya paa, kwa kuwa hayana tena milizamu, yanamwagika kama zamani uani kwa mjomba wako, na yeye amesimama katikati, mwavuli mkono mmoja, fagio mkono mwingine, anayafukuza yasiingie ukumbini. Mtu mzima wa umri ule, kanzu kaikunja mpaka magotini. Akainua uso akanambia, "Zuhura, usimwage huku."

Nikasimama na beseni langu. Nikajiona mimi, na nikamwona yeye, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja kwenye orofa yake anapigana na maji yale yale, na vipande vya bati vimelala ngazini katikati yetu. Kicheko kilinijia, kisha kikageuka kitu kingine. Nikaweka beseni chini nikashuka.

Ujue mjomba wako si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mbaya ningeshashinda zamani. Baba alipokufa nilikuwa mdogo, na kaka ndiye aliyekuwa akinipeleka chuoni kusoma Kurani, akinifunga ushungi wangu vibaya kila asubuhi mpaka wenzangu wananicheka. Sijawahi kumwambia "hapana" mtu aliyenifunga ushungi. Nilishuka ngazi zile kidato kidato, nakwambia kweli, kama mtoto anayekwenda kuchapwa.

Nikamwambia milizamu inarudi juu. Akaendelea kufagia, akasema hayo tulikwishayamaliza, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema yaishe.

Nikamwambia, "Nlisema, kaka. Hayakuisha. Mengine yamo uani mwako na mengine yamo chumbani mwangu."

Akasimamisha fagio. Ndani, mkaza mjomba wako alikuwa anakuna nazi, na ile mbuzi nayo ikanyamaza. Akaniuliza kama nitagombana na yeye kwa ajili ya mlizamu. Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya mlizamu. Akasema ni kwa sababu ya mtoto. Nikasema mtoto anaondoka kesho, anayebaki na mvua ni mimi. Kisha nikasema lile ulilotaka niseme siku ile. Nikamwambia, "Lile jagi nlikuletea mimi. Na bomba nliligeuza mimi, Salha alinkataza."

Unajua alinijibu nini? Alisema, "Nnajua. Mlibishana ngazini, nani hakusikia."

Alijua, Salha. Siku ya kikao alijua, na sauti ile ya kundi aliituma huku anajua. Nikamuuliza kwa nini basi. Akawa anatazama maji miguuni pake. Akasema, "We ni dada yangu. Ningekusema mbele za watu?" Kwa hiyo akakusema wewe, kwa kuwa wewe mtoto na utasahau. Yeye kwa heshima yangu, mimi kwa heshima yake, tukakubebesha wewe, na kila mmoja wetu akalala usingizi akijiona amemsitiri mwenzake. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nilikasirika hata nikasahau kuogopa.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yamekaa sawa. Hakukubali. Alisema ataita tena kikao, na ikibidi atakwenda kwa kadhi paa lijulikane ni la nani. Nikamwambia aite, nitapika kahawa mwenyewe, na kwa kadhi tutakwenda pamoja maana hata mimi nataka kujua. Akaingia ndani, na tangu hapo kimya. Uliporudi uliniuliza mbona chini kumepooza hivi, nikakujibu ni mvua. Fundi nimempigia, amesema Jumamosi inshaallah, na wewe unaijua Jumamosi ya fundi. Pengine milizamu itafungwa na kaka ataiteremsha. Pengine nitaifunga tena. Sina uhakika na lolote ila kwamba kesho kutwa nitakuwa bado nahamisha beseni kwa mguu, na tangi lako jeusi litakuwa tupu chini ya mvua, na nikilitazama nitatukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Makopo yako nitayamwagilia. Usiniulize kwa maji yapi.

Kule Makunduchi baba yako alijenga tangi la saruji nyuma ya nyumba, na nasikia limepasuka. Utalitengeneza, nakujua. Utafunga bati, utageuza bomba kwa mvua ya kwanza, utapanda vitu vyako, na hapatakuwa na mtu wa kukuuliza paa ni la nani. Nafurahi kwa hilo na ninaumia kwa hilo, yote mawili. Lakini usikae huko kwa sababu ya neno lile ulilolisema ngazini. Kwenu ni hapa, panapovuja. Sikusema siku ile kwa kuwa nilikuwa sijapapigania, na mtu hawezi kumkaribisha mwenzake mahali ambapo yeye mwenyewe anakaa kwa ruhusa. Leo nimeanza. Nimeanza vibaya na kwa kuchelewa, na nimemkasirisha mtu ninayempenda, lakini nimeanza. Ukija likizo utakuta ama milizamu iko juu, ama mama yako na mjomba wako hawasemezani. Vyovyote vile mlango ni wako, na kitanda hiki kikavu ni chako, mimi nitalala chini ya boriti.

Limebaki moja. Kesho ukishuka na sanduku lako, mjomba atakuwa amekaa barazani, kama kawaida yake baada ya alfajiri. Watu watakuwepo, watatazama utamfanyia nini. Zamani ningekwambia upige magoti, umbusu mkono, umwombe radhi kabla ya safari, useme nimekosa mjomba, nisamehe, hata kama hukukosa, ndivyo watu wanavyoagana. Ningekusukuma kwa mgongo mpaka uyaseme.

Ni mkubwa wako, na ni kaka yangu, na shikamoo ni haki yake. Mpe shikamoo yake kwa sauti, aisikie, ungoje mpaka aitikie marahaba. Radhi usimwombe.

Mimi mama yako,
Zuhura